Chanuo, Kaburi na Bomu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya tuisheni nililifanya kwa maneno matatu mafupi ya Kiingereza, na nililifanya kwa ujasiri, mbele ya watoto tisa waliokuwa wamekaa juu ya mikeka miwili katika sebule ya shangazi yangu huko Majengo, Pumwani. Msichana mmoja wa darasa la nne alikuwa amekuja na kazi ya nyumbani iliyomtaka aandike maneno mawili yenye vina sawa na neno "comb", yaani chanuo. Nilizitazama herufi zake, nikaziona tatu za mwisho, nikamwandikia chini yake "tomb", yaani kaburi, na "bomb", yaani bomu, kisha nikawaambia watoto wote kwamba Kiingereza nacho kina vina kama mashairi yetu, ila wenyewe hawana bidii ya kuvipanga. Kesho yake jioni mtoto alirudi na daftari lile lile, maneno yote mawili yakiwa yametiwa mkasi kwa kalamu nyekundu, na nyuma yake alifuata mama yake, aliyekuwa ametoka moja kwa moja Gikomba anakouza nguo za watoto, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko ambavyo makaripio yangeniuma: "Mwalimu, hebu nieleze, haya yana kosa gani?"

Sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuliona kosa. Nilichojua kuhusu vina nilikuwa nimekipata Mombasa, katika Mji wa Kale, kwa babu yangu, ambaye hakuwahi kuchapisha hata ubeti mmoja lakini alimtungia mashairi ya harusi yeyote aliyemwendea, na ambaye alihesabu mizani, yaani silabi, kwa kugonga vidole juu ya goti lake. Kwake yeye shairi la tarbia lilikuwa na sheria zisizojadiliwa: mishororo minne katika kila ubeti, vipande viwili katika kila mshororo, mizani 8 katika kila kipande, jumla 16, na kina kimoja mwishoni mwa ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na kingine mwishoni mwa utao, yaani kipande cha pili. Barua yangu ya kwanza kwake kutoka Nairobi niliianza hivi, ili ajue kwamba sijasahau:

Nilifika Nairobi, nikitafuta elimu,
Nikapewa na sahibi, kazi hii ya kalamu.

"Bi" ilifunga na "bi", na "mu" ikafunga na "mu". Mtu yeyote anayejua kusoma angeviona vina hivyo hata kama hajawahi kukisikia Kiswahili kikizungumzwa, kwa sababu Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Hapo ndipo nilipopotelea. Nilidhani kina hukaa kwenye karatasi.

Jumamosi iliyofuata nilitembea hadi katikati ya jiji, kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovitandaza kando ya njia, mahali ambapo wakazi wa Nairobi hupaita "inama" kwa kuwa mnunuzi sharti ainame ndipo asome majina ya vitabu, nikanunua kamusi ya Kiingereza iliyokwisha kupoteza jalada lakini yenye alama za matamshi kando ya kila neno. Nilizipambanua alama zile kwa siku mbili, nikizilinganisha na kamusi ya kwenye simu, ambayo mtu akibonyeza kipicha cha spika hutamkiwa neno. Kumbe "comb" hutamkwa karibu na "koum", na "b" yake ni bubu. Ndugu zake wa damu si wale waliofanana naye sura. Ni "home", nyumbani, na "foam", povu, na "roam", kutangatanga, ambao mtu akiwatazama kwa macho hawezi kuwadhania kuwa wa ukoo mmoja. "Tomb" hutamkwa "tuum", kwa hiyo hufunga na "room", chumba, na pia na "womb", tumbo la uzazi, na hao wawili, kaburi na tumbo la uzazi, ni jozi ambayo washairi wa Kiingereza wameipenda kwa sababu zinazoeleweka. "Bomb" ni "bom" tu, nayo hufunga na Tom, jina lile lile lililo kwenye barabara ya Tom Mboya ninayoipita kila ninapokwenda kupanda matatu. Maneno matatu yana mkia mmoja, na hakuna hata mawili yanayokubaliana kwa sauti.

Kanuni yenyewe, nilipoipata, haikuwa ngumu kuieleza. Katika Kiingereza kina huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo na huendelea hadi mwisho wa neno. Kuanzia hapo kila sauti sharti ilingane, ilhali konsonanti inayoitangulia irabu hiyo sharti itofautiane. "Light", mwanga, na "night", usiku, hufunga vizuri kwa sababu "l" na "n" zimetofautiana na kilichobaki kimefanana. Lakini "night" na "knight", askari wa farasi wa enzi za kale, hutamkwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sikio la Mwingereza anayewafunga pamoja amelirudia neno tu. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote, kwa maana babu angetaka kinyume chake. Kwake yeye konsonanti ndiyo inayokishika kina, na mtu ambaye angefunga "elimu" na "utu" kwa kuwa yote mawili yanaishia na "u" angeambiwa akalale kwanza, akiamka ajaribu tena. Zaidi ya hayo, mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina cha Kiswahili huangukia silabi isiyo na mkazo, na hakuna anayejali. Waingereza wao huufuata mkazo popote ulipo na kuburuta kila kilicho nyuma yake: "nation", taifa, hufunga na "station", stesheni, kwa sababu ufanani unaanzia kwenye "ei" iliyo katikati na kushuka mpaka mwisho.

Yule mama nilimwendea mwenyewe Gikomba, nikamkuta anapanga sweta za watoto kwenye meza ya mbao, nikamweleza nilikokosea bila kujitetea, nikataka kumrudishia ada ya wiki ile. Ada aliikataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akimkatia mteja bei, kisha akasema, kama mtu anayejumlisha hesabu ya mauzo: "Kwa hivyo chanuo liko nyumbani, kaburi ni chumba, na bomu ni la Tom." Mimi nilikuwa nimetumia siku mbili na kamusi nzima kufika pale alipofika yeye kwa pumzi moja. Sentensi yake niliiandika jioni ile kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, na hadi leo sijapata njia bora zaidi ya kuwafundisha watoto wa Pumwani maneno hayo matatu.

Kuanzia hapo nilibadilisha namna ya kufundisha. Kabla ya kuandika neno lolote ubaoni niliwaamuru watoto wafumbe macho, nikawa natamka maneno mawili mawili, nao wakipiga kofi wakisikia yanafunga. Niliwapa "eight", nane, na "late", kuchelewa; wakapiga kofi. Nikawapa "late" na "wait", kungoja, wakapiga. Kisha "great", kubwa la kusifiwa, na "straight", iliyonyooka. Wakapiga tena, wakacheka kwa kuwa waliona mchezo ni rahisi mno. Nilipowaambia wafumbue macho, nikayaandika yote matano kwa mpangilio, chumba kilinyamaza. Kila neno lilikuwa limevaa nguo yake. Kisha nikafanya kinyume: niliandika "weight", uzito, na "height", urefu wa kimo, nikawauliza kama yanafunga, na wote, wakiwa macho wazi, walipiga kofi kwa nguvu. Yule msichana wa chanuo peke yake ndiye aliyebaki ameshika mikono yake magotini. Alifumba macho, akayatamka kimya kwa midomo, akasema, "Hapana, ticha. Hilo la pili linafanana na 'kite'." Tiara ya karatasi inayorushwa angani, aliyokuwa nayo akilini, ilikuwa jibu sahihi.

Mvulana mmoja aliyezoea kubisha aliuliza ni nani aliyeyaandika maneno haya ovyo hivi, na swali lake lilinilazimu nisome tena, maana niliona aibu kumjibu kwamba ndivyo yalivyo. Nilichowaeleza ni kwamba hapo kale hayakuandikwa ovyo. Mnamo mwaka wa 1476 mtu aitwaye William Caxton alianzisha kiwanda cha kuchapa vitabu huko Westminster, karibu na London, na kuanzia hapo tahajia ya maneno ikaanza kuganda kidogo kidogo kwa sababu ya vitabu, wakati ambapo midomo ya watu ilikuwa ndiyo kwanza inabadilika. Kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama makao yake, moja ikaisukuma nyingine, na tahajia ikabaki nyuma kama nyumba ambayo wapangaji wake wamekwisha kuhama. Zile "gh" za "night" na "light", ambazo leo hazina kazi, zilikuwa sauti iliyokaribiana na "kh" yetu ya "kheri", na "k" ya "knight" nayo ilitamkwa. Nilipowaambia walitamke neno hilo kama lilivyotamkwa kale, watoto wanaosoma madrasa walilitoa kooni bila taabu yoyote, na kwa muda wa wiki nzima hawakutaka kulitamka kwa namna nyingine.

Katika suala la koo na meno, kusema kweli, sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna akiba ambayo hatuitumii. Kiingereza kina sauti mbili zinazoandikwa kwa "th" moja, na wanafunzi wengi wa Nairobi huzihangaikia, hali ya kuwa moja ni ile ya "thelathini" na nyingine ni ile ya "dhahabu". Ukilijua hilo utasikia mara moja kwa nini "breath", pumzi, hufunga na "death", kifo, na kwa nini kitenzi chake "breathe", kupumua, hakifungi na lolote kati ya hayo mawili: irabu imerefuka na "th" imegeuka kuwa "dh".

Jozi iliyonisumbua kwa muda mrefu zaidi ilikuwa "love", upendo, na "move", kusogea. Kwa macho ni mapacha, kwa masikio hawajuani, na bado nilizikuta zimefungwa pamoja katika mashairi ya zamani yanayoheshimiwa. Shakespeare mwenyewe, ambaye soneti zake zilichapishwa mwaka wa 1609, alimalizia moja yazo kwa "proved", imethibitishwa, na "loved", amependa. Wataalamu wa lugha husema kwamba siku hizo sauti zilikuwa karibu zaidi kuliko leo, kisha zikaachana, na washairi waliofuata wakaendelea kuzifunga kwa ruhusa ya jicho tu. Nikaja kuelewa kwamba ruhusa hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu "love" ni neno lenye ukata wa vina: ukitoa "above", juu ya, na "dove", njiwa, na "glove", glavu, na "shove", kusukuma kwa nguvu, umekaribia kufika mwisho wa ghala. Haishangazi kwamba njiwa wamejaa katika mashairi yao ya mapenzi. Kwetu "mapenzi" hufunga na machozi, makazi, malezi, pumzi, uzazi, ujenzi, hata na ndizi, na babu angeweza kutunga beti ishirini bila kurudia. Neno "month", mwezi wa kalenda, halina mwenzake wa kawaida hata mmoja katika Kiingereza. Nilipowaambia watoto hivyo walilihurumia, wakaliita mwana mkiwa.

Kulikuwa na jambo moja nililolipuuza katika furaha hii ya masikio, nalo ni maana. Nilikuwa nimeanza kuwapa watoto safu za maneno wakakariri, na safu ya "room, tomb, womb, whom" ilikuwa tamu mdomoni kiasi kwamba waliiimba njiani wakirudi makwao. Baada ya siku chache mtoto mmoja, katika insha kuhusu nyumba yao, aliandika "Every evening I read in my tomb", yaani kila jioni yeye husomea kaburini mwake. Hakuwa amekosea kusikia, wala tahajia yake haikuwa na dosari. Maneno yalikuwa yamehifadhiwa kichwani mwake kwa sauti tu, moja juu ya lingine, na alipotia mkono kuchukua chumba alitoka na kaburi. Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo nikaweka sharti ambalo silivunji: hakuna neno linaloingia kwenye manila kabla ya mtoto kulisema kwa Kiswahili na kulitungia sentensi inayohusu kitu anachoweza kukionyesha kwa kidole. Kaburi, bahati nzuri, hawakuweza kulionyesha kwa kidole wakiwa sebuleni mwa shangazi, nasi tukakubaliana kuelekeza upande wa makaburi ya Kariokor.

Miaka ilivyosonga nilianza kuwapokea pia wanafunzi wa sekondari, na hao walikuja na shida tofauti. Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza, ambazo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa hafungui mdomo hata kidogo. Huulizwa neno gani hutamkwa sawa na lingine, herufi ipi ni bubu, vina vya shairi fulani vimepangwaje. Anayejibu hana sauti ya mtu mwingine ya kuisikiliza, ana ile iliyomo kichwani mwake tu, na sauti iliyomo kichwani mwa mtoto wa Nairobi ina irabu tano.

Hilo ndilo nililochelewa sana kulikubali. Kiingereza cha Uingereza kina irabu zipatazo 20 ukihesabu na zile zilizounganishwa mbili mbili, nasi tunazimimina zote katika vikombe vyetu vitano. "Hat", kofia, "hut", nyumba ya msonge, "heart", moyo, na "hurt", kuumiza: maneno haya manne, yakisemwa na mtu wa kawaida katika kituo cha matatu, ni neno moja, na abiria wote humwelewa kwa kuwa hakuna anayefikiri kwamba kofia yake ndiyo inayodunda. Mtu wa London huyasikia kuwa manne, na kila moja lina jamaa zake. Mwanzoni nilijaribu kuwarekebisha wanafunzi wangu matamshi yote hayo, nikaona ninawafundisha kuigiza, na walipotoka mlangoni waliyaacha maigizo pale penye viatu. Baadaye niliwafundisha yale manne kama mtu anavyofundishwa ramani ya mji asiokaa: huhitaji kuhamia huko, lakini ukitumwa usipotee.

Mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea shairi alilolitunga kwa Kiingereza kuhusu nyanya yake wa Kitui. Mshororo mmoja ulimweleza nyanya ameketi jioni mbele ya "hut" yake, na ule uliofuata ukasema kwamba sauti yake ingali ndani ya "heart" ya mjukuu. Alilisoma kwa sauti, akiwa amesimama chini ya manila yenye chanuo na kaburi na bomu, na vina viliingia masikioni mwetu barabara, bila mwanya. Nilimwambia, kama ilivyonipasa, kwamba kwa msahihishaji maneno hayo hayafungi. Akanitazama. "Kwani ticha, wewe hujaskia?"

Nilikuwa nimesikia. Hata hivyo nilimwagiza akatafute jamaa halali za "heart", nikamtajia "art", sanaa, na "part", sehemu, na "start", kuanza, na "cart", mkokoteni, naye akaenda zake na orodha. Alirudi baada ya siku mbili na shairi lililonyooka, lisilo na kasoro ya kina popote, na ndani yake nyanya, ambaye maishani mwake hakuwahi kumiliki mkokoteni wala kuusukuma, alikuwa ameketi jioni mbele ya mkokoteni wake akiwasimulia wajukuu hadithi. Nililitia alama ya vyema, kwa kuwa kwa kanuni ya mtihani lilistahili. Kisha nililifungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa, nikamwomba aandike hapo lile la kwanza, lenye nyumba ya msonge.

"Na hili pia utalisahihisha?" akauliza, kalamu ikiwa mkononi.

Nilimwambia hilo nitalisoma tu.